Breki ya Kumsalimia Mama Mkwe

Mimi nimekulia ufukweni, upande wa Mara, katika nyumba ya wavuvi, na kwetu mtu husalimia huku anakwenda. Mtumbwi hausimamishwi kwa ajili ya shikamoo. Ukimwona mzee kwenye mtumbwi wake unapaza sauti, naye anapaza ya kwake, maji yanapeleka salamu huku na huku, na kila mmoja anaendelea na kasia lake. Ukitaka kumpa mtu heshima zaidi, unapiga kelele zaidi. Nilifika utu uzima nikiamini dunia nzima inaishi hivyo.

Usukumani sivyo. Kule upande wa Misungwi, ukiwa juu ya baiskeli ukamwona mtu mzima mbele yako, unashuka. Siyo kupunguza mwendo, siyo kupiga kengele, siyo kuinamisha kichwa ukipita. Unashuka, miguu yote miwili chini, unasimama kando ya baiskeli yako, ndipo unafungua mdomo. Naye kama amebeba mzigo huutua kwanza, akuitikie vizuri. Kwa maana hiyo, mtu ambaye baiskeli yake haina breki hawezi kuwa na adabu hata akitaka. Hilo nilijifunza kwa namna ambayo sikuipenda hata kidogo.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Butimba, Mwanza, nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi karibu na chuo cha ualimu. Mchumba wangu, ambaye sasa ni mama watoto, alikuwa mwanachuo, na alikuja kutoa nakala za maswali mara nyingi kuliko maswali yenyewe yalivyokuwa. Baba yake alikwisha kufariki. Kaka zake walinikubali haraka, mpaka nikaona wanataka kupunguza watu nyumbani. Likabaki neno la mama yake tu, na neno la mama yake ndilo lilikuwa neno.

Nikaenda kujionyesha. Baiskeli yangu ilikuwa ya mtumba kutoka Japani, ina kikapu mbele, na breki zake ni za waya, tofauti na baiskeli za zamani zenye breki za vyuma ambazo hazifi hata ukizizika. Breki ya mbele ilikuwa imekufa kabla sijainunua, mkono wake umebaki kwenye usukani kama pambo. Ya nyuma ilifanya kazi siku ilipojisikia. Waya wake ulikuwa umechanua karibu na mkono, nyuzi zimesimama kama sharubu za kambale, na kila nilipoziona nilijiambia nitabadilisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuja mara nyingi na kuondoka.

Kabla ya kufika kwao kuna mteremko unaoishia kwenye kalavati. Nilikuwa katikati ya mteremko nilipomwona mama mmoja akipanda kutoka mtoni na ndoo ya maji kichwani. Aliniona. Akasimama, akaishusha ndoo polepole bila kumwaga tone, akaiweka chini, akanyoosha kanga yake, akasubiri kusalimiwa. Nikavuta breki. Waya ukalia twa, mkono wa breki ukalegea mikononi mwangu, na baiskeli ikaongeza mwendo kama iliyokuwa inasubiri ruhusa. Nikafanya nilichofundishwa tangu utotoni: nikapaza sauti. "Shikamoo mamaaa!" Shikamoo aliisikia mbele yake, mamaaa aliisikia mgongoni. Katikati lilibaki vumbi, na sehemu kubwa ya vumbi hilo iliingia kwenye ndoo.

Nilisimamishwa na matuta ya viazi vitamu. Nilipomaliza kujikung'uta na kurudi barabarani, mama hakuwepo. Nilipofika kwa kina mchumba wangu nilimkuta: ndiye mama mkwe mwenyewe. Alikuwa anamimina maji ya kwenye ndoo chini ya mti wa mpapai, yote, taratibu, na hakunitazama. Kwa kawaida yao mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo, kwa hiyo nikajifariji kwamba kunyamaza kwake ni desturi. Nilikula peke yangu, nikaaga peke yangu, nikasukuma baiskeli mpaka barabara kuu.

Siku tatu baadaye mchumba wangu alikuja kibandani bila karatasi ya kutoa nakala.

"Mama amesema mbele ya kaka zangu na majirani. Asiyeshuka kwenye baiskeli hanichukulii mtoto."

"Si ungemwambia waya ulikatika!"

"Nimwambie nini? Kwamba mtu anayetaka kunioa anatembea na baiskeli haina breki? Adabu mtu anafundishwa, uzembe hautibiki. Acha akuone huna adabu."

Nilikasirika, halafu nikaona ana akili kuliko mimi, nikakasirika tena. Ndivyo nilivyo. Nilimpenda yule binti kiasi kwamba usiku ule wali uliniganda mdomoni, na sikuwa mtu wa kuacha wali. Tukakubaliana hivi: Jumapili ya wiki ya pili, mama yake akiwa anarudi kanisani kwa barabara ileile, mimi nipite. "Na ushuke," akaniambia akiondoka. "Ushuke kama watu."

Kwa hiyo ndoa yangu ilikuwa inategemea waya mmoja wenye unene wa utambi.

Hela yangu ilikuwa ya mawazo, haitoshi kitu, nami nikafanya kosa la kila mwenye hela ya mawazo: nikanunua waya wa bei ya chini kabisa kwa mchuuzi aliyekuwa anapita na soksi, vioo na betri. Waya huo ulikuwa na vichwa pande zote mbili. Upande mmoja kichwa cha risasi kilichoumbwa kama pipa dogo, upande wa pili kama punje ya hindi. Mchuuzi alisema ni bahati, unapata vichwa viwili kwa bei ya kimoja. Hakuniambia kwamba kimoja lazima ukikate ndipo waya upite, na kwamba ni lazima ukate kilicho sahihi. Nilikaa mlangoni kwangu na koleo ya kuazima, nikavitazama vichwa vyote viwili kwa haki, nikakata pipa.

Fundi wa Nyegezi, pale karibu na stendi ya mabasi, alicheka mpaka akashuka kwenye kreti la soda alilokuwa amekalia. Alikuwa mama wa makamo mwenye mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na sijaona mtu anayedharau wateja wake kwa upendo namna ile.

"Kaka, hiki ulichokibakiza ni cha baiskeli za mashindano. Wewe unashindana na nani?"

Nikamweleza ninashindana na nani. Sikupanga kumweleza, lakini alikuwa na uso wa kumfanya mtu aseme. Aliacha kucheka. Akafuta mikono, akanitolea nyaya tatu kwenye boksi la viatu, akaniambia nifumbe macho.

"Pitisha ukucha kuanzia juu mpaka chini. Usiniambie bei, usiniambie rangi. Niambie ukucha unasema nini."

Waya wa kwanza ukucha ulikwaruza kama unapita kwenye msumeno. Huo, akasema, nyuzi zake ni chache na nene, zitasagana na kukatika, na kwa unyevu huu wa ziwa utaota kutu kabla hujapata mtoto. Wa pili ukucha uliteleza. Wa tatu nao uliteleza. Akaniambia niuzungushe kila mmoja kiganjani kisha niuachie. Mmoja ulibaki umejikunja, umelala. Mwingine ulirukia juu na kunyooka, ukanipiga kidevuni.

"Huo uliokupiga ndio wako," akasema fundi. "Sasa kitazame kichwa chake. Kisiwe na ufa, kikae katikati. Waya huwa haufii katikati, unafia kichwani."

Kava, lile bomba jeusi linalofunika waya, alinikataza kununua jipya. Alilipinda hapa na pale akisikiliza kama daktari, akasema halijapasuka, kwa nini nitupe hela. Kata ncha zilizochoka, ziwe sawasawa. Osha ndani kwa mafuta ya taa. Anika juani mpaka harufu iishe. Kisha lainisha kwa mafuta ya cherehani, matone machache tu, yapite juu yatokee chini.

"Usiweke mafuta ya kula, yanaganda. Usiweke oil chafu ya pikipiki, ina mchanga. Grisi nzito usiniwekee humo. Umesikia?"

Nilisikia. Lakini baada ya kulipia waya ulionipiga kidevuni, mafuta ya cherehani yalibaki kwenye rafu ya duka na mimi nikabaki barabarani. Na naomba ieleweke kwamba fundi hakusema neno lolote kuhusu samaki. Nalisisitiza hilo mpaka leo.

Kwetu mafuta ya sangara ni dawa ya kila kitu. Mama yangu huyachuja kwenye minofu yenye mafuta, huyajaza kwenye chupa, na hakuna mgeni anayetoka Mara kuja Mwanza bila chupa yangu mkobani. Tulipakwa visiginoni vilipopasuka. Tulinyweshwa tulipokohoa. Bawaba za milango ya nyumba yetu hazijawahi kujua mafuta mengine, na hazilii. Nilipoitazama chupa ile juu ya kabati, ya dhahabu, imejaa, bure kabisa, nilijiuliza tu kwa nini sikuwaza mapema.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, hilo hata adui yangu atakubali. Ilikuwa Jumanne ya mapumziko. Nikaosha kava, nikalianika kwenye kamba ya nguo. Nikapasha mafuta kidogo kwenye jiko la mkaa. Nikachukua fotokopi iliyoharibika, ukurasa wa maswali ya saikolojia ya mtoto, nikaukunja kama kifuko cha karanga, nikautoboa ncha, nikaufunga kwa uzi kwenye mdomo wa kava. Nikalitundika kava kwenye msumari juu ya mlango, nikamimina, nikaweka kifuniko cha chupa chini. Mafuta yakashuka taratibu, tone baada ya tone. Paka wa mama mwenye nyumba alikuja akaketi mbele ya kifuniko kile kuanzia saa nne mpaka jua lilipopinda, na alikuwa makini kuliko wanachuo wote niliowahi kuwahudumia.

Nilipofunga waya na kuvuta breki, nusura nilie. Ililainika kama inavutwa kwenye maziwa. Nikavuta na kuachia, nikavuta na kuachia, mpaka jirani akauliza nina shida gani. Nikamwambia sina shida, ninaoa.

Kisha nikafanya kosa la pili, nalo lilitokana na mapenzi. Niliamua kuitunza breki ile. Tangu Jumanne sikuigusa tena, kama mtoto anayetunza nguo ya Krismasi. Jumapili nilitoka Butimba alfajiri, nikaendesha njia yote kuelekea Misungwi nikijizuia kwa soli za viatu, kila mteremko, kila ng'ombe, ili breki ifike kwa mama mkwe ikiwa mpya. Nisichojua ni kwamba kwa siku tano mafuta ya sangara yalikuwa yanafanya mambo yake humo ndani ya kava kimyakimya. Yalikuwa yanageuka gundi.

Nilijificha juu ya mteremko mpaka nikawaona. Walikuwa watatu, yeye na wenzake wawili wa kwaya, wanapanda kutoka kwenye kalavati, na yeye ana kikapu kichwani. Nikasali sala fupi. Nikashuka mteremko kwa mwendo wa heshima. Ilipobaki hatua kama hamsini nikavuta breki kwa nguvu zote nilizokuwa nimezitunza tangu Jumanne.

Ikashika! Nilitua chini miguu miwili, wima kabisa, nikasikia raha ambayo sijui niieleze vipi. Nikaachia mkono wa breki ili niisukume baiskeli nikawasogelee. Mkono haukurudi. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeng'ang'aniwa, haliendi mbele wala nyuma. Nikasukuma, tairi likaburuzika kwenye changarawe likilia kama mbuzi anayepelekwa mnadani asikotaka. Nikasukuma tena. Wale akina mama walisimama. Mama mkwe hakutua kikapu. Alisimama nacho kichwani, ananitazama, na niliona wazi kwamba safari hii hatui mzigo mpaka aone mwisho wake.

Sikufikiri. Ningefikiri ningefanya kitu cha akili. Niliinama, nikaingiza bega kwenye fremu, nikainyanyua baiskeli nzima, kikapu chake, kengele yake na pambo lake la breki ya mbele, nikaiweka begani, nikatembea hatua zile zote hamsini kupanda na kushuka mashimo, jasho linanitiririka, suti ya kuazima imeshika grisi. Nilisimama mbali kidogo nao, kama mkwe anavyotakiwa. Nikainamisha kichwa na baiskeli ikainama pamoja nami.

"Shikamoo mama. Shikamooni."

Mwenzake mmoja akaweka mkono mdomoni. Wa pili akauliza, "Imeharibika?"

Nilifungua mdomo, sijui nilitaka kusema nini, na mama mkwe akanitangulia.

"Haijaharibika," akasema. "Kwao ziwani ndivyo wanavyosalimia."

Kisha akakitua kikapu. Akakiweka chini, akanyoosha kanga yake, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu."

Yule mwenzake aliyeweka mkono mdomoni aliutoa akapiga kigelegele. Kabla ya jua kutua kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba mtoto wa fulani anaolewa na mtu anayebeba baiskeli begani kwa ajili ya mkwe. Nilimshukuru Mungu kwa kumtia maneno yale mdomoni. Miezi michache baadaye tukafunga ndoa.

Lakini sifa ina kazi yake. Huwezi kumbebea mtu baiskeli Jumapili moja halafu ziara inayofuata ukaja unaisukuma. Kaka zake walikuwa wanaleta rafiki zao kunitazama. Kwa hiyo kila tulipokwenda, miaka yote hii, nilishuka kwenye kalavati, nikaitia baiskeli begani, nikaenda nayo mpaka uani. Watoto walipozaliwa walishuka nao wakanifuata nyuma, mke wangu akiwa wa mwisho, ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika. Aliyekuja kumposa shemeji yangu alikuja na pikipiki, na watu walikaa wakimwangalia, wanasubiri. Maskini alishindwa kuelewa wanasubiri nini.

Waya wenyewe nimebadilisha mara nyingi tangu hapo. Napitisha ukucha, nauzungusha, nauachia, natazama kichwa. Napaka mafuta ya cherehani, matone machache. Chupa za sangara bado zinakuja kutoka kwa mama, na visigino vyangu vinang'aa.

Mwaka huu, wakati wa mavuno, nilikuwa uani kwa mama mkwe nikitia mafuta waya wa breki baada ya safari. Alikuja akaketi kwenye kigoda chake, umbali uleule wa siku zote. Amezeeka, lakini ndoo bado anabeba mwenyewe na hataki kuambiwa. Alikitazama kichupa mkononi mwangu.

"Siku hizi unapaka nini?"

"Mafuta ya cherehani, mama."

"Yale ya samaki uliacha?"

Mkono wangu ulisimama hewani na kile kichupa. Tone lilianguka kwenye kiatu.

"Mama ulijua?"

"Harufu ilifika kabla yako. Na mstari wa tairi kwenye changarawe niliuona kwa macho yangu mwenyewe. Wenzangu ndio hawakuona, walikuwa wanakutazama wewe."

"Sasa mbona ulisema..."

Alichambua punje kadhaa za mahindi zilizokuwa kwenye kanga yake.

"Nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba asiyeshuka hanichukulii mtoto. Neno likishatoka mbele ya watu utalirudishaje? Na mtoto kila akirudi nyumbani analia ndani, hali chakula, na mimi namsikia. Nilikuwa natafuta pa kutokea, mwanangu. Ukaniletea begani."

Nilijishughulisha na waya ambao ulikuwa umekwisha kulainika zamani. Miaka yote niliyodhani namdanganya yule mama, yeye ndiye aliyekuwa ananifichia siri, tena mbele ya kijiji.

"Kwa hiyo," nikasema, "naweza kuacha kuibeba?"

"Nani kasema?"

Jioni ile tulipoaga alitusindikiza, anakwenda mtoni na ndoo yake tupu kichwani. Niliivuta breki mara moja, ikashika, nikaiachia, ikarudi, haina kosa lolote. Kisha nikainama nikaingiza bega kwenye fremu, nikaibeba mpaka kwenye kalavati. Nilipogeuka kumuaga alikuwa amesimama katikati ya mteremko, na ndoo alikuwa ameshaitua chini.